Zege, kuku, urojo, pilau na chapati bila kuogelea kwenye mafuta: ninavyopika mimi nyumbani

Naanza kwa kukiri, mimi ni mtu wa zege. Kama hujawahi kukaa Dar, zege ni chipsi mayai, chipsi zinamwagiwa mayai kwenye frampeni mpaka zinashikana kama zege la fundi. Kwa miaka kama minne nilikuwa natoka kazini saa mbili usiku napita kwa kijana wa chipsi pale kona ya mtaa wetu, hata siagizi, akiniona tu natokea anavunja mayai mawili. Alafu mama akaja kutoka Tanga kukaa na mimi kwa ajili ya kliniki ya presha, akaambiwa apunguze mafuta na chumvi, tukirudi kwenye bajaji akanigeukia akasema "baba, mimi nikila chukuchuku na wewe unakula chukuchuku, sitaki kusikia harufu ya chipsi kwenye nyumba hii." Wiki ya kwanza tulikula maharage ya kuchemsha na mchicha mpaka nikawa namuota kijana wa chipsi. Wiki ya pili nikasema hapana, lazima kuna namna.

Namna ipo, na haihitaji vifaa vya maajabu. Jiko la gesi la mtungi mdogo, frampeni moja isiyogandisha, sufuria moja nzito, na mkaa kidogo siku ya kuku, basi. Sina oveni, sina ile mashine ya kukaangia kwa hewa ya moto. Kama unayo safi, kazi yako nyepesi, ntakutajia na nyuzi joto huko mbele.

KWANZA KABISA, KIJIKO

Kabla hujapika chochote nenda katafute kijiko cha chakula na uanze kupima mafuta. Najua, hakuna mtu anapima mafuta, sisi tunamimina kutoka kwenye dumu mpaka roho iseme inatosha. Mimi siku moja nilimimina kama kawaida yangu ila nikamiminia kwenye kikombe kwanza, nikahesabu na kijiko, vikafika 7. Vya kukaangia kitunguu tu! Kijiko 1 cha chakula ni mililita 15 na kina kalori karibu 120, yawe ya alizeti, ya mawese, ya nazi au hata yale ya zeituni ya bei mbaya, kwa hesabu ya kalori yote yale yale, kwaiyo vijiko 7 ni kalori zaidi ya 800 kabla hujaweka hata nyanya. Chipsi za kudumbukiza kwenye mafuta ndo usiseme, gramu 100 zinabeba karibu gramu 15 za mafuta, sahani ya mtu mzima mwenye njaa ni kama gramu 250, piga mwenyewe, ni karibu vijiko vitatu vya mafuta umekunywa na mayai bado hayajahesabiwa.

Ila jambo lililonishangaza ni kwamba ukipunguza mafuta ladha haiondoki kama nilivyodhani, ukijua ladha ya hicho chakula inatoka wapi hasa. Kwenye zege tunachopenda ni ule ukaukaji wa kiazi kwa nje pamoja na kachumbari na pilipili. Kwenye urojo ni uchachu. Kwenye pilau ni kitunguu kilichoungua vizuri. Mafuta mengi ni njia ya mkato tu ya kufika huko, kuna njia nyingine ila inataka dakika kumi zaidi.

ZEGE

Hii ya watu 2 wenye njaa ya kawaida.

Viazi mviringo nusu kilo, mayai 3, kitunguu kidogo 1, hoho nusu, karoti ndogo 1, mafuta vijiko 2 vya chakula, siki kijiko 1 cha chakula, pilipili manga, na chumvi isiyozidi nusu kijiko cha chai kwa vyote kwa pamoja. Viazi chagua vile vikavu vya unga unga, sio vile vya majimaji, muulize muuza genge atakwambia vipi ni vya chipsi, wanajua sana. Na usiviweke kwenye friji. Baridi ya friji inageuza wanga wa kiazi kuwa sukari, ukija kuvikaanga vinakuwa vyeusi haraka kabla ndani hakujaiva na ule weusi sio mzuri kiafya.

1. Menya, kata unene wa kidole cha mwisho, vilingane, vikipishana unene vingine vitaungua vingine vitakuwa vibichi. Osha kwa maji mara mbili tatu mpaka maji yaache kuwa meupe, ule weupe ni wanga wa juu na ndo unaofanya viazi vigandane kwenye frampeni.

2. Chemsha maji lita 1, tia siki, tia viazi. Kuanzia maji yachemke tena hesabu dakika 6. Siki inafanya kiazi kiive ndani bila kuvurugika nje. Hii hatua usiiruke!! Mara yangu ya kwanza niliiruka, nikaweka viazi vibichi kwenye mafuta kidogo, nje vikawa makaa na ndani vinalia "kach kach" kama tango, mama akala kipande kimoja akaweka uma chini taratibu akauliza kama kuna mkate.

3. Mwaga maji, rudisha viazi kwenye sufuria ile ile tupu, rudisha kwenye moto mdogo dakika 1 huku unatikisa. Utaona mvuke unatoka na kingo za viazi zinaanza kuchanika chanika kidogo, unataka hivo, zile kingo zilizochanika ndo zitakuja kukauka. Tandaza kwenye sinia viache vipoe dakika 10. Vikiwa bado na majimaji havitakauka, vitajipika kwa mvuke tu.

4. Frampeni kwenye moto wa wastani, mafuta vijiko 2, yakipata moto panga viazi, kila kimoja kiguse chini. Kama frampeni ndogo pika mara mbili, gawa na mafuta. Sasa hapa ndo pagumu: USIGUSE. Dakika 4 mpaka 5 kaa mbali, mkono ukikuwasha shika simu. Ukigeuza geuza kila saa havishiki rangi. Vikiwa na rangi ya dhahabu chini geuza, dakika 4 nyingine. Ukitikisa frampeni ukasikia vinagongana kama vijiti, vimekauka, vikiwa vinateleza kimya kimya bado.

5. Wakati unasubiri, piga mayai na kitunguu, hoho na karoti ya kukwaruza, chumvi yote hapo, pilipili manga. Nyanya usitie kwenye mayai, inatoa maji, itakaa kwenye kachumbari. Mara ya pili mimi nilitia nyanya mbili nikapata uji wa mayai.

6. Punguza moto, mwagia mayai juu ya viazi kuzunguka, funika dakika 3. Juu pakishika, chukua sahani bapa, ifunike juu ya frampeni, pindua yote kwa mkono mmoja thabiti, alafu litelezeshe zege lirudi kwenye frampeni upande wa pili dakika 2. Ukiogopa kupindua kata vipande vinne ugeuze kimoja kimoja, hakuna polisi.

Hapo kila mtu kala kijiko 1 cha mafuta badala ya vitatu, na mboga zimeingia bila kuonekana. Mwenye oveni: viazi vya hatua ya 3 vipakae vijiko 2 vya mafuta kwenye bakuli, tandaza kwenye trei, nyuzi 220, dakika 30 mpaka 35, vigeuze mara moja katikati, alafu endelea na mayai kwenye frampeni.

Na kula pale pale. Zege la kufungwa linalainika kwa mvuke wake, hata yale ya kibandani enzi zile tunafungiwa kwenye rambo (mifuko ya plastiki) kabla hazijapigwa marufuku Juni 2019 yalikuwa yanafika nyumbani yametoa jasho.

KACHUMBARI NA CHACHANDU

Usidharau hii sehemu maana ndo inayodanganya ulimi. Ile tomato ya chupa ina sukari na chumvi kuliko unavyofikiria na sisi tunaimwaga kama maji. Kachumbari: kitunguu kata wembamba, kifikiche na chumvi kidogo, kisha KIOSHE kwa maji mara mbili, ukali unaondoka na chumvi nyingi inaondoka nayo. Nyanya, tango, pilipili, ndimu nzima. Chumvi usiongeze tena, ndimu inatosha, ukweli ni kwamba chochote kikali au kichachu kinaufanya ulimi usitafute chumvi sana. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni kama kijiko 1 cha chai, na hapo wanahesabu mpaka ile ya kwenye mkate na viungo vya pakiti.

Chachandu mimi natengeneza ya wiki nzima: nyanya 4 na pilipili 2 nazibanika juu ya moto wa gesi mpaka maganda yawe meusi, namenya, nazitwanga na punje 3 za kitunguu saumu na ukwaju niliouloweka, naichemsha dakika 5 inakaa kwenye friji. Hakuna tone la mafuta humo, na inatembea na kila kitu, mihogo, mayai, ndizi.

KUKU, NA DARASA LA MAKAA

Kuku wa kukaanga wa kisasa ana mafuta yake mwenyewe chini ya ngozi alafu na sisi tunamwongezea. Vua ngozi, najua inauma. Chanja chanja nyama mpaka karibu na mfupa, pakaa mtindi nusu kikombe, tangawizi, saumu, ndimu, binzari ya manjano, pilipili manga na chumvi nusu kijiko cha chai kwa kuku nusu. Iache ilale kwenye friji usiku mzima, mtindi unailainisha nyama na ndo unaozuia kuku asiye na ngozi asiwe mkavu kama kamba.

Sasa kuoka bila oveni. Hapa nilikuwa nimekwama, mama akanicheka, "mwanangu, mkate wa kumimina tuliokulea nao ulikuwa unaokwa na nini?" Kweli bwana! Kule kwetu unapaliwa, moto juu na chini. Kwaiyo unafanya hivi: washa mkaa, sufuria nzito ipake kijiko 1 cha mafuta, panga vipande vya kuku bila kubebanisha, funika na mfuniko bapa wa bati au sinia la zamani. Chini acha makaa machache, yaani kama robo tu, mengi yote weka juu ya mfuniko. Watu wanakosea hapa wanaweka mengi chini, kuku anaungua matako na juu mweupe. Dakika 40 hivi, katikati inua mfuniko na makaa yake (kwa koleo, tafadhali) ugeuze. Ameiva ukichoma karibu na mfupa maji yakatoka meupe, yakiwa na uwekundu bado. Rangi inakuja nzuri sana, zile kingo za mtindi zinababuka kabisa kama wa kubanika.

Mkaa washa nje au barazani, sio ndani ya chumba kilichofungwa, ile hewa yake inaua na haina harufu. Na kwa wenye oveni, nyuzi 200, dakika 40.

Anayetaka ile gamba ya kukaukia: kuku akitoka kwenye mtindi mviringishe kwenye unga wa sembe uliochanganywa na pilipili manga na binzari, mnyunyizie kijiko 1 cha mafuta, kisha oka vile vile. Haifanani mia kwa mia na ya kudumbukiza, siwadanganyi, ila inalia ukiuma.

UROJO

Wapemba na Waunguja mnisamehe. Mimi urojo nimeujulia Forodhani, nikawa kila nikienda Zanzibar nakula bakuli mbili, na kwa muda mrefu niliamini ni chakula cha mafuta mno mpaka nilipoangalia vizuri. Ule uji wenyewe, ule wa njano, hauna mafuta kabisa! Ni unga, manjano, embe bichi au ndimu na maji. Mafuta yanaingia na vitu vinavyotupiwa juu, bajia, kachori, na zile chipsi za muhogo za kukwaruza. Kwaiyo uji uache kama ulivyo, shughulika na watupiwa.

Uji: unga wa ngano vijiko 4 vya chakula, koroga na maji baridi kikombe 1 usiache madonge, manjano nusu kijiko cha chai. Chemsha maji mengine kama vikombe 4 na embe bichi iliyokwaruzwa, embe ikilainika mimina ule unga huku unakoroga, pika moto mdogo dakika 10 mpaka harufu ya unga mbichi iishe, chumvi kidogo, malizia na ndimu baada ya kuzima moto. Uwe mwepesi, ukitiririka kwenye upawa, ukiwa mzito kama wa mgonjwa ongeza maji.

Kachori mimi nimeifuta kabisa, natia viazi vya kuchemsha vilivyokatwa, maana kachori si kiazi hicho hicho kimevaa koti. Bajia ndo siwezi kuacha. Loweka kunde zilizokobolewa au choroko kikombe 1 usiku mzima, chuja maji yote, saga na kitunguu, saumu, pilipili na kotmiri, bila kuongeza maji kama blenda yako inaweza. Upige huo mchanganyiko kwa mwiko dakika 3 uingie hewa, bila hivo bajia zinakuwa mawe. Badala ya kudumbukiza, chota kijiko kijiko kwenye frampeni yenye kijiko 1 cha mafuta, bonyeza ziwe bapa kama vibibi vidogo, funika dakika 3, geuza dakika 3. Bapa ni muhimu, za duara hazitaiva katikati kwa mafuta kidogo. Zinatoka kama 16, kijiko kimoja cha mafuta kwa frampeni, mimi huwa natumia viwili kwa zote.

Juu tia yai la kuchemsha, mishikaki kama ipo, chatne ya nazi kijiko kimoja (sio vitatu), pilipili, na kwa ajili ya ule mlio wa kutafuna badala ya chipsi za muhogo mimi natia karanga zilizokaangwa kavu au kabichi mbichi iliyokatwa nyuzi nyuzi. Mzanzibari mmoja jirani yetu aliona kabichi akanyamaza kwa muda mrefu. Ila bakuli alimaliza.

WALI WA NAZI NA PILAU

Hizi nazipitia haraka. Wali wa nazi, harufu yote ipo kwenye tui la kwanza na sisi tunalichemsha toka mwanzo mpaka linakatika na harufu inaishia hewani, alafu tunaongeza nazi nyingine. Fanya kinyume. Kwa mchele nusu kilo tumia nazi nusu, kamua tui zito kikombe kimoja liweke pembeni, ongeza maji ukamue la pili na la tatu hayo ndo upikie wali. Maji yakikaribia kukauka, kabla hujaupalia, nyunyizia nusu kikombe tu la lile tui zito, funika, palia. Nusu kikombe lililobaki ni la maharage, nalo liingie mwisho kabisa, chemsho moja tu uzime. Mama ambaye kazaliwa kwenye minazi alisema "leo nazi imekolea," sikumwambia ni nusu.

Pilau, rangi yake inatoka kwenye kitunguu, sio kwenye mafuta. Kitunguu 3 kikubwa kwa mchele kilo 1, kata wembamba, vijiko 3 vya mafuta, moto wa wastani. Kikianza kushika chini ya sufuria usikimbilie dumu, mwagia maji kijiko kimoja au viwili, kwangua ule ukahawia ulioganda uchanganyike, acha kikauke tena kishike, mwagia tena. Mara nne tano hivi, dakika 20, unapata kitunguu cheusi kitamu kuliko kile cha kuelea. Kisipoungua sawasawa pilau litakuwa jeupe kama limeogopa. Baada ya hapo endelea kama kawaida, saumu na tangawizi, binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, nyama iliyochemshwa uliyoitoa mafuta ya juu. Supu ya nyama ukiiweka friji usiku mafuta yanaganda juu kama siagi, unayainua na kijiko unatupa. Hii hila ya maji nafanya kwenye kila mchuzi na rosti saivi.

CHAPATI

Chapati wengi tunaamini ulaini ni mafuta. Ulaini ni maji ya kutosha kwenye donge, kulipumzisha, na mvuke baada ya kupika. Kenya wanatia boga kwenye unga na sijaona chapati laini kama zile. Yangu: unga mweupe vikombe 2, atta (unga wa ngano usiokobolewa) kikombe 1, boga lililochemshwa likapondwa kikombe 1, chumvi robo tatu ya kijiko cha chai, mafuta kijiko 1 tu ndani. Boga lina maji yake kwaiyo maji ya uvuguvugu ongeza kidogo kidogo mpaka donge liwe laini kushinda ulilozoea, linakaribia kunata. Kanda dakika 10, funika kitambaa kibichi, liache nusu saa na usiibe muda.

Kata madonge 8, sukuma, pakaa mafuta kwa brashi au kwa vidole, upako tu, unyunyizie unga kidogo juu ya mafuta ndo zikunje zikachambuka, sokota, pumzisha dakika 10 nyingine, sukuma tena. Frampeni iwe ya moto kweli kweli, ikiwa vuguvugu chapati inakauka kabla haijaiva inakuwa papadi. Pika kavu pande zote mbili kwanza mpaka madoa yatokee, alafu pakaa nusu kijiko cha chai kila upande, sekunde 20, toa. Ikitoka tu ingia kwenye hotpoti yenye kitambaa, zipangane, zifunikwe. Baada ya robo saa zinakuwa laini zenyewe kwa mvuke, na zina rangi ya machungwa hivi ambayo watoto wa nyumba ya jirani wanadhani nimetia yai.

Unga nao ukiongeza atta zaidi ya hapo chapati inaanza kuwa nzito, nimejaribu nusu kwa nusu nikaacha.

Kijana wa chipsi tunasalimiana bado, kibanda chake kiko njiani sina pa kukwepea. Juzi kaniuliza kwa sauti mbele ya wateja, "braza siku hizi hupiti, umeoa nini?" Nikamwambia sijaoa, mama yupo. Akatikisa kichwa, akavunja mayai ya mtu mwingine.